Bibi Yangu, Sukari ya Mimba, na Veronika wa Cité

Ninyi vijana wa laboratwari mliniomba niandike kidogo juu ya kazi kabla sijasahau, na nimeona mmeanza kugombania kiti changu cha karibu na dirisha hata kabla sijainuka. Sawa, naandika. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa. Mishahara nitairuka pia, kwa sababu mke wangu, bibi yangu, anajua kusoma.

Nilimaliza masomo kwa mapadri nikiwa na hakika kwamba nitakuwa karani: meza, kalamu, kivuli. Mimi ni mtu wa kukaa. Tangu utotoni mlango wa nyumba yetu naujua zaidi kwa upande wa ndani. Kwa hiyo niliposikia hospitali ya kambi ya wafanyakazi inatafuta mtu anayejua kuandika, nilienda mbio, ambayo nadhani ilikuwa mara ya mwisho kwenda mbio katika maisha yangu. Walinipa koti jeupe, wakanipeleka chumba cha nyuma, wakaniweka mbele ya safu ya chupa za mkojo. Kivuli kilikuwepo, sikudanganywa.

Aliyenifundisha ni Muzee Mwansa, mtu wa maneno machache, mwenye kovu la mviringo kwenye paji la uso. Siku ya kwanza aliniona nikiliangalia lile kovu.

“Hii nilipata ku kazi,” akasema. “Ukichemsha tube, kinywa yake ielekeze ku kibambazi, ku ukuta. Ukielekeza ku muntu, muntu anapata mukojo ya moto. Ukielekeza ku sura yako, unakuwa kama miye.”

Hilo ndilo somo la kwanza, na ninyi pia lishikeni, hata kama sasa mna miwani. La pili lilikuwa dawa ya buluu. Mnaijua: unaweka dawa katika tube yake ya kioo, matone machache ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya pombe, unangoja. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, iko kidogo. Ikifika rangi ya matofali, acha chai yako, peleka habari kwa munganga, yaani daktari. Muzee Mwansa alisema kwamba mbele ya dawa ile kufika, wakubwa wake walikuwa wanaangalia chungu, wale sisimizi, walioenda kujikusanya mahali mgonjwa alipokojoa. Niliuliza kama chungu wanakosea. Akasema, “Hapana, lakini habakaake ku mustari.” Hawapangi foleni.

Nilipenda kazi ile kuliko nilivyokubali kusema. Tube haipigi kelele, haina mjomba, haikuombi uende matanga. Unaiuliza neno moja, inajibu kwa rangi. Ubaya wake ni kwamba mtu akizoea kupata majibu ya namna hiyo, anaanza kuuliza tube mambo ambayo si kazi yake.

Baada ya vita nilioa Henriette, mtoto wa Kasenga, binti wa watu wa samaki. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mkubwa sana. Wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba waliusifu ukubwa wake, wakampitisha mkono kwa mkono, na hakulia kamwe, hata tukamzika. Hakuna aliyekuwa amepima kitu. Mimi nilikuwa napima mikojo ya kambi nzima kila siku na sikuwahi kupeleka ya nyumbani kwangu, maana nani anafikiria mke wake ni chupa?

Mimba ya pili ilipofika kati, Henriette alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka kwenye tanuru, na kuinuka mara kwa mara. Nilibeba chupa yake asubuhi, ndani ya mfuko wa koti, kama mwizi. Rangi ya matofali. Nikaosha tube nyingine, nikarudia. Matofali tena. Nilipoishika ya tatu, Muzee Mwansa aliinyang’anya kwa upole.

“Tube haina chuki na weye, Donati. Enda kwa munganga.”

Munganga, Mbeleji mmoja mrefu aliyependa kuchora picha akieleza, alinichorea tumbo na mtoto ndani yake. Alisema mimba yenyewe ndiyo inaleta sukari hii, si uchawi, si ulafi. Mara nyingi inaondoka mtoto akizaliwa. Lakini kwa sasa mtoto anaogelea katika sukari, ananenepa, na unene ule si nguvu. Kisha akatoa amri. Bukari, ugali wetu, kiasi cha ngumi, si mlima. Sombe ya majani ya muhogo, maharagi, samaki, hivyo ale. Chai bila sukari. Kutembea kila akimaliza kula. Sindano ya kushusha sukari asubuhi na jioni, mbele ya chakula, na sukari kipande kiwe mfukoni siku zote, maana sindano ikizidi atatetemeka na kutoka jasho, hapo apewe upesi. Na kabla ya siku zake kufika, aingie maternité, nyumba ya wazazi ya hospitali, alale huko, asingojee uchungu nyumbani.

Nilikubali yote. Kula nilikula kama yeye, bukari ya ngumi, na kama mnaona nimekonda katika picha za wakati ule, sababu ndiyo hiyo. Kutembea ndiko kulikonitesa. Mimi! Jioni, watu wameketi mbele ya milango, tunapita mimi na Henriette, hatuendi popote, tunazunguka tu na kurudi.

“Donati!” jirani mmoja akaita. “Ubebe basi na kamba! Unatembeza bibi kama muzungu anatembezaka imbwa!”

Henriette akacheka mpaka akashika tumbo. Nilimwambia asicheke. Akasema, “Si ni miye njo imbwa? Wacha nicheke.”

Sasa sindano. Aliyetumwa kuja nyumbani ni infirmier Kalonji, muuguzi, mtu wa Kasai. Niwaeleze huyu Kalonji vizuri, maana nilimchunguza kuliko mgonjwa yeyote. Alikuwa na kinga, baiskeli yenye kengele, na aliigonga kengele ile hata njia ikiwa tupu. Alivaa soksi nyeupe. Soksi nyeupe, katika vumbi letu jekundu, na zilibaki nyeupe! Alinukia sabuni ya dukani. Na mke wangu, ambaye mimi nilimwita “weye” au “sikia”, yeye alimwita Madame Henriette.

Asubuhi alikuja nikiwa tayari kazini. Jioni alikuja nikiwepo, nami nilisimama mlangoni kama askari wa gereza nikimwona anapandisha nguo ya mke wangu hadi pajani, anapaka pombe, anachoma, anasema “Voilà, Madame, hauna woga hata kidogo.” Mimi sikuwahi kumwambia kama hana woga. Sikujua kama anao.

Na hapa ndipo nilipoanza kuuliza tube yasiyo kazi yake. Chupa ya asubuhi ilikuwa buluu, nzuri kabisa. Chupa ya mchana, ambayo mtoto wa jirani aliniletea kazini, ilikuwa nyekundu. Kila siku hivyo. Nikafikiri: kati ya asubuhi na mchana nani anaingia nyumbani kwangu? Mwenye soksi. Na mtu mwenye soksi anamletea mwanamke nini? Bonbon. Biskuti. Mkate wa sukari kutoka duka la Wagiriki. Wengine wanasoma barua za wake zao. Mimi nilisoma matofali.

Muzee Mwansa aliona ninavyoikodolea macho ile tube. “Inakuambia nini?”

“Inaniambia iko muntu anamupa bitu bitamu.”

“Inakuambia iko bitu bitamu,” akasema. “Muntu, unamuongeza weye.”

Sikumsikia. Siku moja nilidai tumbo linaniuma, nikaondoka kazini katikati ya asubuhi. Nilipita nyuma ya lupango, uwanja wa nyumba yangu mwenyewe, nikainama katika sombe niliyoipanda mwenyewe, nikatambaa mpaka chini ya dirisha langu mwenyewe. Kuku walinitazama. Ndani nikasikia sauti ikisema kwa utamu, “Kunywa, mwanangu, kunywa yote.”

Niliinuka kwa ghadhabu na uso wangu ukakutana na uso wa shangazi yake Henriette, aliyekuja kutoka Kasenga kwa ajili ya mimba. Mkononi ana kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kibichi, kitamu kama asali, cha kumpa mwenye mimba nguvu. Kalonji alikuwa ameenda zamani.

“Mukwe,” shangazi akasema akigeuza macho upande, kama heshima inavyotaka, “unatafuta nini mu sombe?”

“Yai, mama bukwe,” nikasema.

Sasa mkwe hawezi kumfundisha shangazi wa mkewe cha kumnywesha. Hata kumtazama usoni sikuweza. Ilibidi nimwombe Kalonji aseme naye. Mfikirie aibu yangu. Kalonji alikuja, akapiga magoti mbele ya mama yule na soksi zake nyeupe, akamweleza polepole, akamsifia samaki wake. Munkoyo ukaisha siku ileile. Chupa ya mchana ikawa buluu. Mnadhani nilifurahi? Nilichemsha ile buluu nikiwaza: hata shangazi ameshampenda.

Shangazi alimpenda mpaka tumbo lilipozidi. Maana mtoto, pamoja na sindano na matembezi yote, alikuwa bado mkubwa, na jicho la shangazi likaanza kwenda kutoka kwenye tumbo hadi kwenye kinga iliyoegemezwa ukutani, na kurudi. Nililiona jicho lile kwa sababu langu lilikuwa linapita njia ileile.

Henriette alikuwa aingie maternité siku ya Jumatatu. Uchungu ulimkamata Jumapili, tumetoka tu misa, jua liko juu. Nikasema, haya, twende hospitali. Shangazi akamwingiza ndani pamoja na wanawake wawili wa jirani, akafunga mlango.

“Mama bukwe,” niliita kutoka uani, “munganga alisema asingoje hapa.”

“Kwanza ataje,” sauti ikajibu.

Wale wa kwetu kaskazini hawana jambo hili kwa namna hii, kwa hiyo nieleze. Kwa watu wa mke wangu, mtoto akikataa kutoka, au akiwa mkubwa kupita kiasi, ni kwamba mmoja wa wazazi alilala nje wakati wa mimba. Jina la mtu aliyelala naye litajwe, kosa lioshwe kwa maji, ndipo mtoto apate njia. Ukimbeba mwanamke kabla hajataja, atakufa barabarani. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwokoa binti wa kaka yake kwa njia aliyoijua.

Desturi inataka waulizwe wote wawili. Mimi sikuulizwa. Nilimsikia mama mmoja akisema, “Na bwana yake?” na shangazi akijibu, “Ule? Ule hata ku soko haendaake.” Wakakubaliana wote. Kukaa kwangu nyumbani, ambako nilijivunia miaka yote, kulinitolea ushahidi kwamba sina kosa. Basi alibaki Henriette peke yake.

“Hakuna muntu, shangazi,” nilimsikia akisema.

“Taja, mwanangu. Ni ule wa kinga?”

“Hakuna.”

Uchungu ukapita, nikasikia pumzi yake ikikatika. Nilikuwa na picha ya munganga kichwani, na ya yule mtoto wa kwanza aliyepitishwa mkono kwa mkono. Nilipiga mlango. Hakuna aliyefungua, mwanaume haingii. Kisha Henriette akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua:

“Nikitaja, mutanipeleka ku lopitalo?”

“Palepale.”

Nikaelewa. Atawapa Kalonji. Atawapa jina lile kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili apite. Na mimi, ambaye kwa miezi nilikuwa nimelitafuta jina lile katika kila tube, sikuweza kuvumilia litoke. Msinifanye mtakatifu, sikumfikiria Kalonji na kazi yake. Nilifikiria kwamba akisha kulitaja, nitaishi naye maisha yote bila kujua kama lilikuwa woga au kweli, na hakuna rangi itakayoniambia.

“Njo miye!” nikapiga kelele. “Mimi njo nililala inje!”

Halafu kicheko. Walicheka, wote watatu, na naapa kwamba Henriette pia alicheka, katikati ya uchungu.

“Weye, Donati?” mama wa jirani akasema akichungulia dirishani. “Saa gani? Weye unafungaka mulango mbele ya kuku kulala!”

“Nilienda.”

“Wapi?”

“Ku Cité,” nikasema, mtaa ule wa nje ya kambi.

“Kwa nani?”

Nilikuwa nimetoka kanisani, nimekaa muda mrefu kando ya picha za njia ya msalaba, karibu na ile ya mwanamke anayempangusa Yesu uso, na kichwani mwangu lilikuwamo jina moja tu la mwanamke.

“Veronika,” nikasema.

Hapo shangazi hakucheka tena. Alifungua mlango, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wao, na nadhani alifikiri hivi: mwanaume anadanganya ili aonekane msafi, nani anadanganya ili ajichafue mbele ya mkwe wake? Akaleta bakuli, akanimiminia maji mikononi, maji yale akampaka Henriette tumboni. Henriette aliniangalia. Yeye pia hakuwa anacheka tena.

Kengele ya kinga ikalia nje. Kalonji alikuwa amekuja mapema kumwangalia kabla ya sindano ya jioni. Aliona mlango wazi, bakuli, nyuso zetu. Akageuza kinga palepale na kwenda kuita kamyo, lori la hospitali, na vumbi likapanda mpaka kwenye soksi.

Mtoto alitolewa kwa koleo la chuma, na kazi nyingi, na alikawia kulia. Lakini alilia. Msichana, mkubwa, mwekundu, mwenye mashavu ya padri. Munganga alisema mtoto wa namna hii akikatwa kitovu, sukari ya mama inakatika ghafla na anaweza kuzimia, basi apewe maji ya sukari matone kwa matone. Nilisimama nje ya kioo nikatazama mkono unaompa. Mkono wa Kalonji, bila shaka. Utamu wa kwanza wa binti yangu duniani haukutoka kwangu.

Sukari ya Henriette iliondoka baada ya siku chache, kama munganga alivyosema. Nilipima mwenyewe: buluu, buluu, buluu. Ugonjwa mwingine ndio ulioanza. Nilipoenda kumwona, alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha.

“Veronika ni nani?”

“Hakuna Veronika. Nilibuni.”

“Muntu habuniake jina mbio vile.”

“Henriette, mimi! Ningeenda Cité kufanya nini?”

“Njo hiyo ninauliza.”

Padri alisikia. Nikaenda kuungama kwamba nilisema uongo, akanijibu kwamba niungame kwanza lile kubwa. Katika kambi wanaume ambao hawajawahi kunisalimu walianza kuniinulia kofia. Muzee Mwansa peke yake aliniamini, akasema ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu anapandisha rangi ya tube yake mwenyewe kwa makusudi. Na Henriette, mwanamke aliyecheka jirani aliponitania, alianza kunusa mashati yangu. Akaniuliza njia niliyopita kutoka kazini. Alihesabu nguo za wanawake wa Cité waliopita mbele ya nyumba, na kila mmoja aliyekuwa mzuri alikuwa Veronika.

Nitasema ukweli mmoja na muuachie hapo: sikuumia kama ilivyonipasa. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kudhani kwamba ninaweza kwenda mahali.

Mimba ya tatu ilikuja na sukari yake, tukajua mapema, tukaanza na buluu tangu mwanzo. Munganga akaandika sindano tena, asubuhi na jioni. Kalonji akaegemeza kinga. Lakini Henriette akainua mkono.

“Hapana, Ba Kalonji. Muonyeshe huyu.”

“Bwana?”

“Huyu. Asubuhi anichome mbele ya kazi, magaribi anichome akirudia. Nione kama atapata nafasi ya kwenda ku Cité.”

Kalonji hakucheka. Alinionyesha kwenye chungwa kwanza, kisha kwenye mkono wake mwenyewe: namna ya kuchemsha sindano, kutoa hewa, kushika ngozi. Aliponisifu, alinisifu kwa sauti ileile ya “hauna woga”, na nikagundua kwamba anaisema kwa kila mtu.

Jioni ile nilipiga magoti mbele ya bibi yangu. Alipandisha nguo, akageuza paja kuelekea mwanga wa mlango. Nilipaka pombe. Nikatoa hewa, nikashika ngozi, nikatoa hewa tena.

“Choma basi,” akasema, akiniangalia kutoka juu. “Ao kwa Veronika unachomaka muzuri zaidi?”

Nikachoma. Hakushtuka hata kidogo. Nilimwambia hana woga, na akaniambia ninyamaze.